Vijiwe vya sikio la samaki visitupwe

Kila alfajiri katika soko la Feri, Dar es Salaam, samaki wanaparwa, matumbo yanatolewa, vichwa vinapasuliwa, na kila mwenye kisu anajua kipi kinauzwa na kipi kinatupwa. Kichwa cha chewa kinakwenda kwa mpika supu. Kule Mwanza mabondo ya sangara yana wanunuzi wake na bei yake, na mapanki yanayotoka viwandani yanakaangwa na kupata walaji. Kitu kimoja hakina mnunuzi wala mtunzaji: vijiwe viwili vyeupe vilivyomo ndani ya kichwa, chini ya ubongo, ambavyo samaki huvitumia kusikia na kujiweka sawa majini. Vinaishia kwenye ndoo ya taka au kwa paka. Msimamo wetu ni kwamba vijiwe hivyo ni mali ya umma, na kuvitupa ni kutupa ushahidi ambao nchi zetu hazina pengine pa kuupata.

Ushahidi wa nini? Wa samaki alikozaliwa, alikopita na siku alizoishi.

Samaki wenye mifupa wana jozi tatu za vijiwe hivi. Kwa wengi tunaowala, jozi moja ni kubwa kuliko nyingine na ndiyo watafiti wanayoitumia. Ukitaka kuiona, chukua kichwa cha changu, ukate kwa kisu kikali kuanzia juu kidogo ya macho kurudi nyuma, ufunue fuvu. Ubongo utaonekana. Uondoe, na chini yake, upande wa kisogoni, utakuta kijiwe kimoja kulia na kingine kushoto, kila kimoja ndani ya kifuko chenye majimaji. Ni cheupe na kigumu, upande mmoja umebinuka, upande wa pili una mfereji. Jodari, pamoja na ukubwa wote ule, ana kijiwe chembamba kinachokaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Papa na taa hawana mawe ya namna hii. Umri wao husomwa kwenye pingili za uti wa mgongo.

Kijiwe huanza kujengwa samaki akiwa bado ndani ya yai, na huongezewa tabaka za chokaa maisha yake yote. Mfupa wa kawaida mwili huubomoa na kuujenga upya. Kijiwe hiki haubomoi, kwa hiyo kilichojengwa siku ya kwanza kinabaki katikati mpaka samaki afe. Mwaka 1971 mtafiti Giorgio Pannella alionyesha kwamba ndani ya tabaka za mwaka zimo tabaka nyembamba mno zinazowekwa kila siku. Mtu mwenye hadubini nzuri, akijua samaki mchanga alivuliwa tarehe gani, anaweza kuhesabu kurudi nyuma akaifikia siku aliyoanguliwa.

Pamoja na chokaa hiyo, kijiwe hupokea kiasi kidogo cha madini yaliyomo majini: strontiamu, bariamu, manganizi na mengineyo. Maji ya bahari yana strontiamu nyingi kuliko ya mto, na bariamu kwa kawaida huzidi kwenye maji ya mto. Oksijeni nayo ipo nyepesi na nzito, na uwiano wake ndani ya kijiwe hufuata joto na chumvi ya maji. Mtaalamu hukigandisha kijiwe ndani ya gundi ngumu, hukikata kipande chembamba kinachopita katikati kabisa, hukisugua, kisha hukipiga kwa mwale wa leza au hukikwangua unga kidogo na kuupima. Unga wa katikati unaeleza maji ya utotoni, ule wa ukingoni unaeleza maji ya siku za mwisho. Ni kadi ya kliniki ya samaki, na hakuna wa kuijaza uongo.

Nguvu ya ushahidi huu ilidhihirika katika Bahari ya Atlantiki. Jodari wa mapezi ya buluu, anayegombewa kwa fedha nyingi masokoni Japani, ana mazalia mawili yanayojulikana tangu zamani: Ghuba ya Meksiko upande wa magharibi na Bahari ya Mediterania upande wa mashariki. Tume ya kimataifa inayosimamia jodari wa bahari hiyo, ICCAT, ilichora mstari katikati, kwenye nyuzi 45 magharibi, ikahesabu samaki wa kila upande kuwa kundi lake. Wavuvi wa Marekani na Kanada wakapewa mgawo mdogo. Ng'ambo ya mstari, Ulaya na Afrika Kaskazini wakapewa mgawo ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa zaidi ya mara kumi ya ule wa magharibi.

Mwaka 2008 Jay Rooker na wenzake walichapisha katika jarida la Science majibu ya vijiwe. Mediterania ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Jua huvukiza maji yake mengi, oksijeni nyepesi hutangulia kuondoka na mvuke na ile nzito hubaki. Jodari aliyezaliwa kule hubeba alama hiyo katikati ya kijiwe chake popote aendapo. Walipopima jodari waliokuwa bado hawajakomaa, waliovuliwa pwani ya mashariki ya Marekani, walikuta asilimia 57 wamezaliwa Mediterania. Walipopima waliokomaa, waliovuliwa kwenye mazalia yenyewe, walikuta zaidi ya asilimia 95 wamerudi kuzaa walikozaliwa, magharibi kwa mashariki.

Hesabu hizo zilikuwa nzito kwa wote. Mvuvi wa Marekani alikuwa anategemea samaki ambaye uhai wake unaamuliwa na nyavu za Mediterania. Kundi dogo la Ghuba ya Meksiko nalo lilikuwa likivuliwa mashariki ya mstari na kuandikwa kama mali ya wengine. Vijiwe havikuwa ushahidi pekee. Kulikuwa na alama za kielektroniki na vinasaba, na vyote vilielekeza huko huko. Novemba 2022 ICCAT ilipitisha utaratibu mpya wa kupanga viwango vya uvuvi, unaozingatia kwamba makundi mawili yanachanganyika baharini. Ilichukua miaka 14 tangu vijiwe vile vichapishwe. Ni mingi, lakini walau mezani kulikuwa na kitu cha kubishania chenye kipimo.

Sisi tuna bahari yetu yenye swali lilelile. Jodari wa mapezi ya njano wa Bahari ya Hindi husimamiwa na tume ya IOTC, yenye makao yake Shelisheli, kama kundi moja kutoka pwani ya Afrika mpaka Indonesia. Mwaka 2015 wataalamu wa tume walitamka kwamba amevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2016 ukapitishwa mpango wa kumrejesha kwa kupunguza mavuno. Tanzania na Kenya ni wanachama wa tume hiyo. Zinapokaa kwenye majadiliano ya mgawo na mataifa yenye meli kubwa, zinapaswa kuwa na jibu la swali moja: jodari anayepita ndani ya maili zetu 200 kazaliwa wapi, na ni wangapi kati yao waliozaliwa katika bahari hii ya magharibi? Mwenye jibu lililopimwa husikilizwa. Asiye nalo hubaki kuomba.

Na msingi wa kazi hiyo uliwekwa hapa hapa. Kuanzia mwaka 2005, katika mradi mkubwa wa IOTC, jodari zaidi ya laki moja na nusu waliwekewa alama na kurudishwa majini wakiwa hai, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika maji ya Tanzania. Baadhi yao walidungwa tetrasaiklini, dawa inayoacha mstari ndani ya kijiwe, mstari unaong'aa chini ya taa maalumu. Samaki akivuliwa tena, wataalamu huhesabu tabaka zilizoongezeka baada ya mstari huo na kuzilinganisha na siku alizokaa baharini. Hivyo ndivyo inavyothibitishwa kwamba hesabu ya tabaka ni hesabu ya kweli. Elimu ya ukuaji wa jodari inayotumiwa na bahari nzima ina deni kwa samaki waliopita mbele ya pwani yetu.

Hata hivyo jodari ana fedha, na mwenye fedha hakosi wa kumchunguza. Haja kubwa zaidi tunaiona Ziwa Tanganyika.

Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Ziwa ni moja: Kongo ina asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mitumbwi ilipandishwa nchi kavu Kigoma, Rukwa na Katavi, taa za usiku zikazimwa, na akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga wakakaa bila cha kuanika. Kufunga ziwa ni uamuzi mgumu na hatuupingi; mavuno yakipungua mwaka hadi mwaka, lazima kitu kifanyike. Tunachouliza ni kama miezi hiyo mitatu ndiyo miezi yenyewe.

Swali hili vijiwe vinaweza kulijibu, tena kwa gharama ndogo. Dagaa wa Kigoma huishi kama mwaka mmoja, kwa hiyo siku za maisha yake zinahesabika. Wachukuliwe dagaa wachanga kila mwezi kutoka mialo ya nchi zote nne, zihesabiwe siku zao, na kalenda irudishwe nyuma. Itajulikana walioingia kwenye nyavu mwezi wa Novemba walianguliwa ziwa likiwa limefungwa, au kabla, au baada. Ikionekana wengi walianguliwa Septemba, tarehe zisogezwe. Ikionekana ni Juni na Julai, basi mama wa Kibirizi ataelezwa jambo lenye hesabu, badala ya kuambiwa avumilie tu. Kazi hii haihitaji leza. Inataka hadubini, msasa laini, vijana wawili watatu waliofunzwa na mkono usiotetemeka, kwa sababu kijiwe cha dagaa ni kidogo sana.

Mahali alikozaliwa samaki ni swali gumu kidogo, na hapa lazima tuseme kweli. Madini ya kijiwe hutofautisha sehemu mbili endapo maji ya sehemu hizo yanatofautiana. Migebuka wa Kigoma na wa Mpulungu, upande wa Zambia, wakiwa wamekulia katika maji yenye madini yaleyale, kijiwe hakitasema lolote, na itabidi vinasaba viulizwe. Joto la maji na kasi ya ukuaji wa samaki mwenyewe navyo hugusa kiasi cha madini kinachoingia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua samaki wachanga kutoka kila ghuba na kila mdomo wa mto, Malagarasi na Ruzizi ikiwemo, na kupima kama kuna tofauti yoyote ya kusomeka. Inawezekana jibu likawa hapana. Hilo nalo ni jibu, na lina maana yake kwa nchi nne zinazogawana ziwa.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Maji hubadilika mwaka hadi mwaka. Mwaka wa mafuriko mto huleta madini mengine na kwa kiasi kingine. Ndiyo maana samaki aliyekomaa hupaswa kulinganishwa na wachanga waliozaliwa mwaka uleule aliozaliwa yeye. Mtafiti wa mwaka 2035 atakayetaka kujua changu wa miaka kumi alizaliwa Rufiji au Ruvuma, atahitaji vijiwe vya changu wachanga waliovuliwa 2025. Kama hakuna aliyevitunza, hakuna fedha itakayovirudisha. Kila msimu unaopita bila kukusanya ni ukurasa unaochanwa.

Pwani ina swali lake. Mwaka 2005 hivi, wavuvi wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, waliamua wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao ili miamba ipumzike. Zanzibar ina Chumbe tangu 1994, Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995. Mvuvi aliyeacha maji ya babu yake ana haki ya kuuliza: watoto wa samaki ninaowalinda hapa wanakwenda wapi? Wananinufaisha mimi, au wanachukuliwa na mkondo mpaka kwa mtu asiyelinda chochote?

Wengine wamepata jibu la swali kama hilo kwenye maji yao. Katika kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliweka alama ya tetrasaiklini kwenye vijiwe vya viluwiluwi vya samaki zaidi ya milioni 10 vikiwa bado ndani ya mayai, kisha wakasubiri wachanga warudi mwambani. Walichapisha mwaka 1999 makadirio kwamba kati ya asilimia 15 na 60 ya wachanga waliotua pale walikuwa wazaliwa wa palepale. Kabla ya hapo iliaminika kwamba karibu wote huchukuliwa mbali na mkondo. Katika ghuba ya Kimbe, Papua New Guinea, watafiti walifika mbali zaidi: waliwadunga samaki majike bariamu ya aina adimu, nao wakaipitisha kwa watoto kupitia mayai. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba asilimia 60 hivi ya wachanga waliotua kwenye hifadhi ndogo ya kisiwa kimoja cha ghuba hiyo walikuwa wamezaliwa humo humo. Tungependa kuona jambo hili likifanywa Mafia na Chumbe, na wavuvi wakiwepo majibu yanaposomwa.

Isisemwe kwamba utaalamu huu ni mgeni kwetu. Mwaka 1988 Micheni Ntiba na Victor Jaccarini walichapisha utafiti wa umri na ukuaji wa tasi wa pwani ya Kenya kwa kuhesabu tabaka ndogo ndogo za vijiwe. Profesa Ntiba baadaye alikuwa katibu mkuu anayeshughulikia uvuvi katika serikali ya Kenya. Wataalamu tunao katika taasisi zetu za utafiti wa uvuvi na bahari: TAFIRI, ZAFIRI, KMFRI na Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar. Kinachokosekana ni mazoea ya kukusanya bila kukoma. Kwetu kazi ya namna hii mara nyingi huja na mradi, na mradi ukiisha, sanduku linabaki kwenye ofisi ya mtu mpaka ahamishwe. Norwe inatunza vijiwe vya samaki wake wa Aktiki tangu miaka ya 1930, na mpaka leo watafiti wanarudi kwenye makabati hayo na maswali ambayo waliokusanya hawakuwahi kuyafikiria.

Kuna atakayesema hatuna fedha. Vipimo vya madini kweli ni ghali na maabara zake ni chache. Lakini kukusanya hakuna gharama ya kutisha: kisu, koleo ndogo, maji safi, bahasha ya karatasi, na kalamu ya kuandika jina la samaki, urefu, uzito, tarehe na mahali alipovuliwa. Kijiwe kikishakauka hakiozi wala hakihitaji umeme, na kinaweza kusubiri miaka hata mingi mpaka maabara ipatikane. Kutojua ndiko kwenye gharama. Kwenye milima ya chini ya bahari ya New Zealand na Australia alivuliwa samaki anayeitwa orange roughy kwa kasi kubwa, ikidhaniwa anakua upesi. Vijiwe vilipokuja kusomwa vizuri ilibainika kwamba anaweza kuishi zaidi ya miaka 100 na kwamba huanza kuzaa akikaribia 30. Kufikia hapo makundi yake kadhaa yalikuwa yameshaporomoka.

Tunachokitaka kinatekelezeka. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iteue mialo na masoko machache, Feri, Kibirizi, Mwanza, Kilindoni na Mtwara yakiwemo, na kila mwezi vikusanywe vijiwe vya aina chache za samaki zilizochaguliwa. Wapara samaki wafunzwe na walipwe kwa kila bahasha iliyojazwa sawasawa. Hakuna mtafiti anayefungua vichwa vingi kwa siku kama wao. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vishike daftari. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iweke kwenye masharti ya leseni kwamba waangalizi wanaopanda meli za kigeni watakusanya vijiwe vya jodari na kuvileta nchini. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kule Bujumbura ihakikishe nchi nne zinatumia bahasha na vipimo vya aina moja, la sivyo hesabu hazitalingana.

Na kwa kuwa kila samaki ana kijiwe cha kulia na cha kushoto, iwe sheria kwamba kimoja kinaweza kwenda maabara ya nje na kingine hakitoki nchini. Kilichokwenda nje kitasagwa au kupigwa leza. Kilichobaki kitakuwa chetu, pamoja na majibu ya kile cha kwanza, na kijana wetu atakayepata mashine miaka ishirini ijayo atakuwa na kitu cha kupima.

Bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi husomwa bungeni kabla ya mwezi Juni kwisha. Tunawaomba wabunge wa Kigoma, Mafia, Mwanza na Mtwara waulize, kwa jina, kiko wapi kifungu cha kukusanya na kutunza vijiwe vya sikio la samaki, na wasikae chini mpaka wajibiwe.